Paa Moja Kando ya Mchanga

Magari waliyakumbuka, tena bila hata kuyajadili. Christine alitoka Nairobi na gari lake dogo la bluu, akalala kwao kijijini, na kulipokucha akamchukua kaka yake Shikanga pamoja na mitungi ya maji ya kunywa, wakatangulia. Ayuma, mkewe Shikanga, akakodi Probox pale Lubao. Akamketisha mama yake Pascalia mbele kando ya dereva, yeye akakaa nyuma na bintiye Natasha, na kuku wawili miguuni wamefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa safari moja wanapanda magari mawili. Mama mkwe na mkwewe hawakai kiti kimoja. Hilo mtoto wa Kakamega hulijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Nyumba ndiyo waliyoisahau.

Christine aliipata kwenye simu. Ilikuwa nyumba ya likizo, ya kujipikia, upande wa Navakholo pale mto Nzoia unapopinda. Kiangazi cha Januari kikifika, mto hujikunja upande mmoja ukaacha ufuo wa mchanga mpana kama uwanja wa shule. Christine alituma picha moja baada ya nyingine: veranda inayotazama mchanga, jiko la gesi, friji, vitanda vyenye shuka nyeupe. Akaandika kwamba familia yote ije, maana amechoka kuona watu wa kwao wakifunga safari pale tu mtu anapokufa. Ayuma alizitazama zile picha mpaka Natasha akamnyang'anya simu. Alihesabu vitanda. Shikanga naye alihesabu vitanda. Vilitosha, hata kimoja kikabaki. Hakuna aliyehesabu paa, kwa sababu paa lilikuwa moja, na kitu kimoja hakihesabiwi.

Ayuma alikuwa na sababu yake ya kuharakia safari ile. Mama yake alikuwa ametoka tu kufanyiwa upasuaji wa jicho katika hospitali ya misheni, jicho la kushoto lililokuwa na ukungu miaka mingi. Daktari alipoondoa bandeji alimwonya mbele ya bintiye: asikae kwenye moshi, asiiname, asibebe kitu kizito, asilisugue, atiwe dawa ya matone bila kukosa, na zaidi ya yote apumzike. Pascalia aliitikia vizuri, vile anavyoitikia kanisani. Ayuma alilijua itikio hilo. Kule Lubao kulikuwa na mafiga matatu, na ng'ombe wa kukamwa, na wajukuu wanaoletwa asubuhi na kusahauliwa hadi jioni, na majirani wanaokuja kuazima mikono yake kila penye harusi au matanga. Jicho lile lingerudi motoni siku ile ile. Kwa hiyo Ayuma alipoona picha ya jiko la gesi na veranda, hakuona likizo. Aliona jicho la mama yake likipona. Na mila je? Angeulizwa, pengine angesema alidhani mila ingebaki nyumbani kuchunga mbuzi.

Walipofika, Christine na Shikanga walikuwa wameshafungua madirisha. Shikanga aliposikia Probox langoni alizunguka nyuma ya nyumba akapotea, kama inavyopasa. Mtunza nyumba, Wandera, mwanamume mwembamba aliyening'iniza funguo shingoni, aliwapokea na kuwatajia masharti kwa sauti ya mtu aliyeyakariri. Sahani wangezikuta, chakula wangejiletea, kupika wangejipikia, kuosha wangejioshea.

"Na huu mto," akamalizia, "ukiona umelala hivi usiuzoee. Unaamkanga na hasira."

Pascalia alishuka garini taratibu. Alikuwa amevaa miwani nyeusi aliyopewa hospitalini, mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Akasimama kuutazama mchanga. Kisha akaliziba jicho lake la kulia kwa kiganja, akautazama kwa lile jipya peke yake.

"Kumbe mchanga una rangi nyingi hivi," akasema.

Ayuma akawaza kwamba hata likizo ingeishia pale langoni, angerudi ameshiba.

Ingeishia pale, ingekuwa afadhali.

Ndani mlikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana kwenye ushoroba mmoja mwembamba, na mwishoni mwa ushoroba bafu moja na choo kimoja. Christine alikuwa akigawa vyumba kama mwalimu wa zamu: hiki changu, kile cha Shikanga na mkewe, na hiki cha mwisho, chenye dirisha la kutazama mto, cha… Hapo ulimi ukamsimama. Akamtazama Pascalia aliyekuwa kwenye veranda akipangusa viatu. Akatazama dari. Akamwita Ayuma kando.

Alimuuliza, kwa sauti ya chini iliyokuwa na makali, iwapo kweli alifikiri kaka yake na mama mkwe wake wangepishana kwenye ushoroba ule wakiwa na taulo mabegani. Kwamba wangekaa juu ya choo kimoja. Kwamba mmoja angekohoa usiku na mwingine akasikia. Ayuma alikubali moyoni kwamba wifi yake alikuwa na haki. Tsisoni, ile haya kubwa ya wakwe, haina likizo. Hata mama yake Ayuma hajawahi kulala katika nyumba yao ya kupanga kule mjini. Akija, hukaa barazani, hunywa chai Shikanga akiwa kazini, na jua halijageuka anaaga.

"Ni kweli," Ayuma akasema. "Tumekosea sote."

Alisema "sote" akitegemea kwamba sasa wangekaa, watu wazima, waitafutie njia. Lakini Christine alikuwa ameshaipata. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la nje, kibanda cha mabati kilichoungua kwa moshi mpaka kikang'aa, ambako wageni huchomea nyama. Ndani yake mlikuwa na kitanda cha kamba ambacho madereva hulalia. Mama angekaa huko. Angekuwa na uhuru wake. Tena, Christine akaongeza, wazee wa kwetu hupenda kuwa karibu na moto.

Ayuma alifungua kinywa kutaja jicho. Kabla hajapata neno alimwona mama yake, aliyekuwa na masikio mazima kabisa, ameshaokota mkoba wake na anazunguka kona ya nyumba kuelekea kwenye mabati. Hakuwa amekunja uso. Alienda kama mtu aliyekuwa akisubiri tu kuelekezwa.

Hilo ndilo lililomchoma Ayuma kuliko maneno ya wifi yake. Angekataa, angenung'unika, angesimama hata kidogo tu, bintiye angepata pa kushika. Lakini mtu akishakubali kwa miguu yake, utamtetea kutoka wapi?

Alimtafuta mumewe. Shikanga alikuwa chini kwenye mchanga, suruali imekunjwa hadi magotini, anamjengea Natasha ukuta wa kuzuia maji. Mwanamume mpole, huyu Shikanga. Hajawahi kumwinulia mkewe sauti, wala dada yake, wala mtu yeyote, na Ayuma alikuwa ameanza kushuku kwamba upole mwingine ni uvivu uliovaa shati safi. Alimweleza. Shikanga alisikiliza akipigapiga mchanga kwa kiganja, akasema ndivyo mila ilivyo, na kwamba ni siku chache tu. Ayuma akarudi ndani kupika. Alijiambia kwamba angalau moto wa kule nje hauwashwi. Kupika ni kwa gesi. Mama atalala, atatiwa dawa, mchana atamtoa akae kivulini.

Alikuwa akichambua mrenda kwenye sinki alipoona kuku mmoja hayupo pale mlangoni walipofungwa. Alidhani amejifungua kamba. Hakujali. Akaendelea na mboga, akisikia veranda ikitoa sauti ya kiti kinachokunjuliwa na sauti ya Christine kwenye simu akimweleza mtu wa Nairobi jinsi upepo wa mto ulivyo mtamu. Ndipo Natasha akaja mbio, nyayo zake zikiacha mchanga sakafuni.

"Mama, kukhu analia," akasema, akimtaja nyanya yake.

Ayuma hakufunga hata mfereji.

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye kila tundu la yale mabati. Ndani, Pascalia alikuwa ameinama kabisa, mashavu yamejaa pumzi, anapuliza kuni mbichi chini ya sufuria kubwa ya maji ya obusuma, ugali wa kwao. Kando yake palikuwa na karai la maji ya moto na kuku aliyenyonyolewa nusu. Miwani ilikuwa mfukoni mwa aproni, kwa sababu mvuke uliitia ukungu na ingokho, yaani kuku, hainyonyolewi kwa kupapasa. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, machozi yanateremka hadi kidevuni. Aliyapangusa kwa mgongo wa mkono wenye manyoya.

Ayuma alimshika mkono ule kabla haujarudi usoni. Alimwinua, akamvuta mpaka nje penye hewa. Alimuuliza nani aliyempa kuku. Pascalia akasema hana neno, ni kazi ndogo tu, na kwamba yuko sawa. Alisema yuko sawa huku jicho likimwagika.

Aliyejibu ni Wandera, aliyekuwa amefika na mzigo mwingine wa kuni. Aliutua chini polepole, kama mtu anayegundua kwamba amebeba kitu kisicho chake.

"Ni yule madam wa gari ya bluu alinituma nilete kuni," alisema. "Akasema gesi ni ya chai, obusuma inataka moto. Mimi si nilijua huyu mama ndiye mpishi mlikuja naye."

Mpishi mliyekuja naye.

Neno lile lilimwingia Ayuma na kukaa. Hakumkasirikia Wandera, maana Wandera alisema alichokiona. Aliona gari dogo likishusha bwana na bibi, na Probox ikishusha mama mzee aliyeelekezwa moja kwa moja jikoni. Mtu yeyote mwenye macho angesema hivyo. Alimketisha mama yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbali na moshi, akampangusa manyoya mkononi na kuizunguka kope kwa kitambaa safi, akamtia dawa, akapiga simu hospitalini. Nesi aliyepokea alisema wamwondoe kwenye moshi, waendelee na matone, na jicho likizidi kuuma au likianza kuona giza wamlete bila kungoja. Ayuma alishukuru, akakata simu, akamwambia Natasha akae na kukhu, asimwache aguse jicho. Kisha akaenda kwenye veranda.

Christine alikuwa amejilaza, soli za miguu zikitazama mto.

"Ulimpa mama yangu kuku achinje," Ayuma akasema.

"Nilimwomba tu atusaidie. Mtu wa umri wake hawezi kukaa bure, atajisikia mgeni."

"Ni mgeni."

Christine akashusha miguu. Akamwambia Mama Natasha apunguze sauti, watu wamekuja kupumzika. Ayuma akamuuliza ni watu gani hao, awataje kwa majina. Akamkumbusha kwamba yeye Christine aliambiwa habari za jicho, tena alituma ujumbe wa pole wenye maua. Christine akasema hakujua jicho lenyewe lilikuwa namna hiyo, kwamba yeye si daktari, kwamba mama mwenyewe hakukataa alipopewa kuku. Mtu akipewa kitu na akakipokea, kosa ni la nani? Halafu akasema alichokuwa nacho tangu mwanzo.

"Nyumba hii nimeitafuta mimi, Mama Natasha. Kwa ajili ya watu wetu. Sasa ulitaka kaka yangu alale wapi? Kwa makaa kule jikoni?"

Ayuma aliitazama veranda ile, akamtazama wifi yake, akalitazama lile swali. Haki ya Mungu, lilikuwa halijamjia akilini. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka akitafuta pa kumweka mama yake, kama mtu anayetafuta pa kuweka meza iliyozidi, na hata mara moja hakuwa amewaza kumsogeza mtu mwingine.

"Ndiyo," akasema. "Kwa makaa."

Christine alicheka kwanza. Kisha akaona kwamba amecheka peke yake. Akauliza ni wapi ilionekana mwanamume mwenye mke na mtoto akalala jikoni kama paka. Watu wangesema nini? Alisema mengine mengi, lakini aliyasema kwa mgongo wa Ayuma, ambao ulikuwa umeshashuka ngazi kuelekea mchangani.

Shikanga alimwona akija, akasimama. Mwendo wa mke wake aliujua.

"Baba Natasha," Ayuma akasema, "mimi na wewe hatujawahi kugombana kwa sababu ya mila. Nimekosea?"

Hakukosea, Shikanga akasema.

"Basi niambie. Ile siku ya soko la ng'ombe Lubao, ulipogeuka ukamwona mama anakuja na kikapu chake. Nani aliingia katikati ya ng'ombe?"

Shikanga akatazama maji.

"Nani, Baba Natasha?"

"Ni mimi."

"Ulikanyaga mavi mpaka kifundo cha mguu. Ukateguka kidole. Na mama akapita katikati ya barabara na kikapu chake, hakujua hata kama ulikuwako. Ulirudi nyumbani ukasema hiyo ndiyo heshima, na mimi nikakufulia viatu nikasema nimeolewa na mtu aliyelelewa. Hukutuma mtu aende kumwambia mama, wewe mama, ingia kwa ng'ombe, mkwe wako anapita."

Shikanga akakitazama kidole chake cha mguu.

"Sasa mila ya leo ni ya nchi gani? Tsisoni ni ya wawili. Mbona anayehama ni yule mwenye jicho lililoshonwa? Amewashiwa moto usoni, mwanamume. Mtunza nyumba anadhani ni mpishi wetu. Na wewe uko hapa unajenga mchanga."

Hakuwa akipiga kelele. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na hiyo ilimwuma Shikanga kuliko kelele. Alijaribu kusema kwamba ni Christine aliyewaleta. Lakini sentensi ile ilimfia mdomoni, pengine kwa sababu aliisikia mwenyewe. Akajipangusa mchanga mikononi. Akauliza jicho likoje. Ayuma akamwambia akaone mwenyewe, kisha akakumbuka kwamba hawezi, akaguna kwa hasira kama mtu aliyejikwaa.

Shikanga alipanda ngazi. Aliingia chumbani mwao, akatoka na godoro kichwani, shuka nyeupe zikimburuta nyuma. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikanga, unafanya nini?"

"Natafuta pa kulala."

"Na watu wakisikia?"

"Watu gani, dada? Huu mto?"

Alimpita kwa ubavu, godoro likaukwaruza mlango. Hapo Ayuma akaamini kwamba mambo yamekwisha. Alikimbia mbele kumwambia mama yake ainuke, chumba chake kiko tayari, chenye dirisha la mto.

Pascalia alikuwa amesharudi ndani ya mabati.

Ndiyo, alikuwa amerudi. Moto ulikuwa umefifia na yeye ameketi ukingoni mwa kitanda cha kamba, karai liko magotini, anamalizia kunyonyoa kuku, na Natasha amesimama kando akimwambia kwa sauti ndogo kwamba mama amekataza. Ayuma alimnyang'anya karai. Akamwambia habari ya chumba. Pascalia akatikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kumtoa mwanamume wa watu kitandani mwake, alisema. Leo ni godoro, kesho ingesemwa kwamba mama yake Ayuma alikuja kupora nyumba ya watoto. Hapa pamemtosha. Amelala pabaya kuliko hapa.

"Najua umelala pabaya kuliko hapa," Ayuma akasema, na machozi yakamjia kwa hasira. "Mama, nimekuona ukilala pabaya tangu nikiwa mtoto. Wageni wakija kitanda ni chao. Shangazi wakija, kitanda ni chao. Hata kuku akiatamia, mahali pake panaheshimiwa. Hilo jicho si lako peke yako. Nililikalia nje ya mlango wa upasuaji nikiomba. Kama utalipika kwa moshi, angalau niambie nilikuwa naombea nini."

Pascalia alinyoosha mkono akampapasa bintiye shavuni. Mkono ulikuwa na harufu ya manyoya yaliyolowa.

"Mtoto wangu," akasema, "mimi niko sawa."

Hakuinuka.

Nje, upande wa kuni, palisikika godoro likitupwa chini. Kibanda kile kilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuelekea nyumba kubwa na mwingine wa kuelekea kuni. Shikanga alikuwa amesimama nyuma ya huo wa pili, asionekane, na bila shaka alikuwa ameyasikia yote. Mkwe hamsemeshi mama mkwe wake namna hiyo ana kwa ana. Humpa mtoto maneno, hata mtoto akiwa hatua mbili kutoka kwa anayeambiwa.

"Natasha," akaita kwa sauti kubwa, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. "Uko hapo?"

"Niko, baba."

"Mwambie kukhu kwamba jiko hili nimelichukua. Nataka kupika. Mwambie naingia sasa hivi kwa mlango huu wa kuni, na nikishaingia sitoki mpaka likizo iishe."

Mlango wa mabati ukalia kwenye bawaba.

Pascalia aliruka kama mtu aliyesikia ng'ombe ndani ya mahindi yake. Leso ikapanda usoni, mkoba ukaja kwapani, na kabla Natasha hajamaliza kufikisha ujumbe nyanya yake alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pili. Shikanga aliingia kwa upande huu, yeye akatoka kwa ule, na hapakuwa na mahali pengine palipobaki chini ya jua kali lile isipokuwa nyumba kubwa. Aliingia. Alipita ushoroba mzima akiwa na leso usoni, Ayuma akimwongoza kwa kiwiko, mpaka kwenye kile chumba chenye dirisha la mto, akaketi juu ya kitanda akihema. Kilichomtoa ndicho kile kile kilichompeleka: tsisoni. Wandera, aliyeshuhudia yote kutoka penye kuni, alisema amefanya kazi pale miaka mingi na hajaona wageni wa namna hii, kisha akaenda kumwonyesha Shikanga namna ya kupanga kuni ili zisitoe moshi.

Mchana ule chakula kilichelewa. Obusuma ya Shikanga ilikuwa na madonge makubwa kama ngumi, na kuku aliiva upande mmoja. Alikohoa mpaka wakamsikia kutoka kwenye veranda. Christine alijifungia chumbani akapiga simu, na kupitia ukutani Ayuma alimsikia akiwaeleza jamaa wa kijijini kwamba kaka yao amefukuzwa kitandani na amefanywa kijakazi. Zamani kidogo, asubuhi ya siku ile ile, Ayuma angebisha mlango ajieleze. Sasa hakwenda. Alikuwa na dawa ya kutia na jicho la kulichungulia kila mara. Lilibaki jekundu mpaka jua lilipoinama. Kisha wekundu ukaanza kujiondoa pembeni, polepole, kama maji yanavyoacha mchanga, na Pascalia akasema anaona ng'ambo ya mto kuna mti mmoja mkavu na ndege wawili. Ayuma alitazama. Ndege walikuwa watatu, lakini mmoja alikuwa nyuma ya tawi.

Asubuhi yake, Ayuma hakuamka kupika. Alikaa kwenye veranda kando ya mama yake, mikono mapajani, na haikuwa rahisi. Mikono ilimwasha. Mumewe alikuwa mchangani tena na Natasha. Christine alitoka chumbani na macho yaliyovimba, akatafuta chai kwenye meza, hakuiona, akatafuta sufuria. Walimsikia akibamiza kabati, akiwasha gesi, ikizimika, akiiwasha tena. Hatimaye akatoka na vikombe kwenye trei. Alikuwa ameleta vitatu. Hilo Ayuma alimhesabia Christine kuwa jema.

Christine alimpa mama kikombe kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama alivyolelewa. Akasema maneno ambayo watu husema, wakishajua jibu lake.

"Umeamkaje, mama? Jicho halina shida?"

Ayuma naye alilijua jibu. Alikuwa amelisikia maisha yake yote.

Pascalia alipuliza chai yake. Akavua miwani, akamgeuzia Christine uso wote, lile jicho limefunguka wazi, bado na utando mwekundu kwenye pembe.

"Lina shida," akasema. "Lilichomwa na moshi jana. Usiku limenikata kama wembe. Daktari aliniambia nisiiname na wewe ukanipa kuku."

Christine alibaki na trei mikononi. Alisema pole, na safari hii haikuwa na maua.

"Asante," Pascalia akasema. Akaonja chai. "Hii haina tangawizi. Na hapa kwenye veranda jua linanipiga usoni. Hebu nichukulie kiti hiki, binti yangu, unipelekee kule chini kwenye kivuli cha ukingo, karibu na maji. Lakini kwanza mwambie baba Natasha aondoke."

Christine akaweka trei chini. Akainua kile kiti kikubwa cha mbao, akakibeba mbele ya tumbo, akashuka nacho ngazi, visigino vyake vikizama kwenye mchanga kila hatua. Kule chini Shikanga aliwaona wakija, dada yake na kiti, na nyuma yao mama mkwe na miwani yake mikubwa akitembea bila haraka. Alikusanya suruali yake magotini, akamwachia Natasha ukuta, akakimbia kuelekea vichakani.